Mtu Peke Yake Mbele ya Saa

Katika michezo yote ambayo binadamu ameibuni kwa ajili ya kupima uwezo wa mwili na uthabiti wa moyo, sijui hata mmoja unaodai kwa ujasiri zaidi kwamba unamtenga mtu na wenziwe na kumpima yeye mwenyewe tu, kuliko mbio za baiskeli za kushindana na saa. Humo wapandaji hawaondoki pamoja, bali huachiliwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na dakika zake, njia ikiwa tupu mbele yake, asiwe na mgongo wa mwenziwe wa kumkinga upepo, wala mpinzani ubavuni wa kumwonea haya, wala nafasi ya kujificha katikati ya kundi mpaka saa ya ushindi ifike. Wasemao Kifaransa, na sisi wa Kongo tumo katika hesabu yao, huziita mtihani wa ukweli, kana kwamba mbio nyingine zote ni za hila na hizi peke yake ndizo zinazotoa ushahidi usio na doa juu ya mtu.

Dai hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo watu wa hekima na watu wa dini wamelihangaikia tangu kale: nguvu alizo nazo mtu ni mali yake, au ni amana aliyokabidhiwa? Ikiwa ni mali yake, basi mshindi anastahili sifa yote na mshinde anastahili fedheha yote. Ikiwa ni amana, yatupasa kuuliza waliomkabidhi ni akina nani, na kama fungu lao limehesabiwa mahali popote. Naandika haya Kamina, mji ambao una nafasi ya pekee katika historia ya swali hili, kama nitakavyoeleza mbele. Na nimesukumwa kuandika kwa sababu mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, tena katika nchi inayopakana na yetu, mjini Kigali.

Siku ya Jumapili, tarehe 21 ya mwezi huo, wanaume waliachiliwa mmoja mmoja katika njia ya kilomita 40.6, ndani ya mji wa vilima ulio mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambapo pumzi ya mgeni haitoshi upesi kama alivyozoea. Remco Evenepoel, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 2000, aliyekwisha kuutwaa ubingwa huo mwaka 2023 na mwaka 2024, na nishani ya dhahabu ya Olimpiki ya Paris baina yake, aliimaliza njia kwa dakika 49 na sekunde 46, yaani kwa mwendo wa karibu kilomita 49 kwa saa, pamoja na vilima vyote vile; Jay Vine wa Australia alimfuata kwa tofauti ya zaidi ya dakika moja, na Ilan Van Wilder, Mbelgiji mwingine, akapata shaba. Lakini lililowashangaza watazamaji kuliko hesabu hizo ni mkutano wa njiani. Tadej Pogačar wa Slovenia, ambaye wengi humhesabu kuwa mpanda baiskeli hodari kuliko wote wa zama hizi, aliondoka dakika 2 na nusu kabla ya Evenepoel. Na karibu na mwisho, penye mlima wa Kimihurura uliotandikwa mawe, Mbelgiji alimfikia akampita. Pogačar alimaliza wa nne, akiikosa shaba kwa sekunde kama moja. Na wiki moja baadaye, katika mbio za kuondoka pamoja, yeye ndiye aliyeshinda na Evenepoel akawa wa pili.

Sheria ya mchezo ina neno juu ya mkutano kama ule. Wanapopishana wapandaji wawili sharti pawe na nafasi ya mita 2 baina yao, na baada ya hapo aliyepitwa akae nyuma kwa umbali wa mita 25, ili asifaidi hata kidogo upepo uliokwisha kukatwa na mwenziwe. Maana katika mwendo ule adui mkubwa wa mpanda baiskeli ni hewa, na aliyetangulia humpunguzia anayefuata sehemu kubwa ya mashaka hayo, apende asipende. Katika mbio za pamoja kukaa nyuma ya mgongo wa mwenzio ni akili na tena ni ada. Hapa ni kosa lenye adhabu. Sijui sheria nyingine ya mchezo inayojitahidi hivyo kuizuia hisani isipite baina ya mtu na mtu.

Na pamoja na jitihada hiyo yote, mtazame mpanda baiskeli huyo kabla hajaondoka. Yuko juu ya jukwaa lenye mteremko. Miguu yake yote miwili imekwisha kukazwa katika pedali, mgongo ameulaza, viwiko ameviweka juu ya vyuma viwili vilivyonyooshwa mbele ya usukani. Na kwa kuwa baiskeli isiyokwenda haisimami, angeanguka ubavu pale pale mbele ya umati, kama mtu mwingine asingekuwa nyuma yake, ameinama, amekishika kiti cha baiskeli kwa mikono miwili. Mwamuzi anahesabu kwa vidole, tano, nne, tatu, mbili, moja. Na mshikaji yule, ambaye jina lake halitangazwi, anafungua mikono bila ya kusukuma, maana kusukuma ni haramu. Jambo hilo dogo limenikaa moyoni kuliko wakati wa mshindi. Mbio zilizotungiwa sheria ili mtu awe peke yake hazijampata hata leo mtu anayeweza kuzianza peke yake.

Tukiifuata mikono hiyo kurudi nyuma, safari si fupi. Baba yake Evenepoel, Patrick, alikuwa mpanda baiskeli wa kulipwa kabla yake, na mapafu ya mtoto si kazi ya mtoto. Kijana mwenyewe alilelewa katika mpira wa miguu, katika vikosi vya vijana vya Anderlecht na PSV, kisha mwaka 2017 akahamia baiskeli. Agosti 2020, katika mbio za Lombardia nchini Italia, alitupwa chini ya daraja akavunjika nyonga. Na Desemba 2024, akiwa katika mazoezi, alijigonga katika mlango wa gari la posta uliofunguliwa njiani, akavunjika ubavu, mfupa wa bega na mkono. Mwili uliowapita watu Kigali ulikuwa umeunganishwa na waganga zaidi ya mara moja, ukalishwa na kukandwa na kusubiriwa na watu ambao hapana saa iliyowapima. Na hata siku ya mbio, nyuma yake lilikuwa likifuata gari lenye baiskeli za akiba na magurudumu ya akiba, na ndani yake wanaume ambao maisha yao yote ni kuhakikisha kwamba msumari mmoja wa barabarani hauharibu kazi ya mwaka.

Nitatoa mfano mmoja wa zamani, kwa sababu unaweka jambo hili katika hesabu. Tarehe 23 Julai 1989 mbio za kuizunguka Ufaransa zilimalizika kwa kushindana na saa, kutoka Versailles hadi Paris, kilomita 24.5. Laurent Fignon, Mfaransa, alikuwa anaongoza kwa sekunde 50. Greg LeMond, Mmarekani, aliondoka na usukani wa namna mpya uliomwezesha kunyoosha mikono mbele, na kofia iliyochongoka nyuma. Hali Fignon alikwenda kichwa wazi, nywele zake ndefu zimefungwa nyuma, upepo unazichezea. Baada ya wiki tatu na zaidi ya kilomita 3,000, LeMond alishinda kwa sekunde 8. Tangu siku hiyo watu hawajaacha kubishana ni sekunde ngapi zilikuwa za moyo wake na ngapi za fundi wake. LeMond alikuwa shujaa, aliyerudi barabarani baada ya kujeruhiwa vibaya kwa risasi katika ajali ya uwindaji mwaka 1987, na sina nia ya kumpunguzia chochote. Nasema tu kwamba mtihani wa ukweli ulipoulizwa ukweli huo ni wa nani haukuwa na jibu. Na katika mashindano ya dunia ya siku zetu huwamo vijana wa mashirikisho maskini, waliokuja na baiskeli ya kawaida ya barabarani, kwa sababu ile iliyoundwa kwa ajili ya mbio za saa, na magurudumu yake, hugharimu fedha ambazo kwao hazipatikani. Nao hupandishwa juu ya jukwaa lilelile, wakahesabiwa kwa vidole vilevile, na saa ikawaandikia tofauti ya dakika nyingi, bila ya kusema ni ngapi katika hizo zilizo zao.

Kwetu Kongo maulizo haya yana uchungu wake. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hati ya tairi la mpira lililojazwa hewa. Ndani ya miaka michache dunia ikautaka mpira kwa pupa, na Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II tangu 1885 hadi 1908, ikawalazimisha watu kuutafuta mpira huo msituni, kwa kuwashika wake zao mateka, kwa kiboko, na kwa mikono iliyokatwa. Mpanda baiskeli wa Kibelgiji wa leo hana hatia ya hayo, wala sitaki mtu ayasome maneno yangu kama mashtaka juu yake. Lakini wepesi wa gurudumu lile una nasaba, na nasaba hiyo inapita katika nyumba zetu. Wala haikukoma huko. Baiskeli za mabingwa siku hizi hubadili gia kwa mota ndogo yenye betri. Na kobalti, madini ambayo hutumiwa sana katika betri za kuchajiwa, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima inachimbwa Kongo, katika ardhi ya Kolwezi na Likasi, ambako reli inayopita hapa Kamina inafika.

Reli hiyo ndiyo iliyouleta mji wetu, na ndiyo iliyomleta kwetu hakimu huyu aitwaye saa. Mwaka 1928 njia ya chuma iliyotoka Katanga kupitia Bukama ilifika Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui wakati huo, na Kamina ikawa kituo kikubwa juu yake. Katika miaka ya hamsini ikaunganishwa na Kabalo, na kwa hiyo na Kalemie na Ziwa Tanganyika. Mkulima wa Kiluba, ambaye babu yake alipima kazi kwa shamba lililokwisha kupaliwa, alifundishwa kuipima kwa kengele: aliyefika kabla yake ni mtu mwema, aliyefika baada yake amekatwa mshahara, na kengele haikuuliza kama alikuwa anamzika ndugu. Wanaodhani kwamba mbio za saa ni jambo la wageni ambalo mtu wa Kamina hawezi kulielewa, wamesahau kwamba wazee wetu walizikimbia miaka mingi, bila ya nishani.

Katika nchi hiyo hiyo alikuja padri Mfransisko, Placide Tempels, mzaliwa wa Ubelgiji wa mwaka 1906, aliyefika Kongo mwaka 1933 akaishi miongoni mwa Waluba wa Katanga. Kilichomsumbua ni kwamba waumini wake, waliokwisha kubatizwa na kuihifadhi katekisimu, walipofikwa na msiba waliyaendea mashauri ya wazee wao. Akaacha kuwafundisha kwa muda, akaanza kuwauliza. Matokeo ya maulizo yake ni kitabu juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotolewa kwa Kifaransa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Alisema kwamba Mzungu hufikiri kwanza juu ya kitu, kisha juu ya nguvu kilizo nazo, kana kwamba nguvu ni vazi. Lakini kwa Mluba hapana kitu kilicho mbali na nguvu zake, kwa maana kuwapo ndiko kuwa na nguvu. Nguvu hizo hutoka kwa Mungu, hupita kwa mababu wa mwanzo, hushuka kwa wafu na kwa walio hai. Huzidi na hupungua. Na kila mtu aweza kuzizidisha nguvu za mwenziwe au kuzipunguza, kwa tendo, kwa neno, hata kwa nia. Ndiyo sababu mgonjwa hatosheki kuambiwa kilichoingia mwilini mwake. Huuliza pia ni nani aliyelegea katika wajibu wake.

Kitabu hicho kilipata wapenzi na wapinzani wakubwa. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alikishutumu kwa ukali, akiona kwamba kumheshimu Mwafrika katika falsafa, huku akinyimwa ujira wa haki na nyumba na chakula, ni heshima isiyomgharimu mkoloni kitu. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika utafiti uliochapishwa Brussels mwaka 1956, alitaka ithibati itokayo katika lugha yenyewe badala ya hisia za mgeni. Paulin Hountondji wa Benin alikataa kabisa kwamba watu wa taifa zima waweza kuwa na falsafa moja isiyo na mwandishi wala mbishi. Na V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyetutoka mwaka 2025, alionyesha jinsi maarifa ya namna hiyo juu ya Afrika yalivyotungwa chini ya kivuli cha mamlaka iliyotutawala. Nakubali sehemu kubwa ya lawama hizo, hasa ile ya Césaire, kwa kuwa mwaka uleule kilipotoka kitabu watu wa Katanga walikuwa bado wanachapwa. Lakini lawama juu ya mwandishi hazikifuti alichokisikia. Tempels mwenyewe hakuishia katika karatasi: tangu mwaka 1953, katika Kolwezi, aliwakusanya wafanyakazi wa migodi na wake zao katika uamsho ulioitwa Jamaa, ambamo padri na muumini walikutana kama watu wanaopeana uhai, na waliozoea kufundishwa wakawa walimu. Watu hao hawakuwa nadharia ya mtu.

Mtu atakaye kuiona fikira hiyo bila ya kitabu, na asimame asubuhi penye barabara inayoingia Kamina. Wanakuja wanaume na baiskeli zao, ambazo kwetu huitwa kinga, zimebebeshwa magunia ya makaa yaliyozibwa mdomo kwa majani, au mahindi, au madumu ya mafuta ya mawese. Mwenyewe hapandi, anasukuma, mkono mmoja ameshika fimbo iliyofungwa katika usukani, wa pili ameukaza nyuma ya mzigo, na kamba za kufungia ni vipande vya mpira wa ndani uliokwisha kazi. Nao wanashindana na saa, kwa maana makaa yaliyofika sokoni adhuhuri hayapati bei ya asubuhi. Lakini penye mchanga mzito, au penye mlima, hawapiti mmoja mmoja. Huziegesha baiskeli zote kwa vijiti, wakaisukuma ya kwanza watatu au wanne mpaka juu, wakarudi kuichukua ya pili, na hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Na hapana anayeandika ni nani aliyesukuma zaidi. Aliye dhaifu siku hiyo hufika, na aliye hodari hufika amechelewa kidogo kwa ajili ya dhaifu, akijua kwamba kesho zamu inaweza kuwa yake.

Hapa lazima nijihadhari na kosa lililo upande wa pili. Ikiwa kila nguvu ni ya kupewa, mvivu amepata udhuru, na mshindi atanyang'anywa hata jasho lake. Tutasema kwamba Kigali alishinda baba, na mganga, na fundi, na kwamba mtu aliyekuwa juu ya baiskeli alikuwa mahali tu ambapo nguvu za wengine zilikutania. Hilo silikubali. Mpanda baiskeli wa mbio za saa hukadiria nguvu zake ili afikapo mwisho kusibaki kitu: akizitumia mapema humwishia mlimani, akiziweka akiba hufika na mali isiyo na kazi tena. Katika dakika zile 49 mwili haukuacha kumwomba apunguze, na kila alipoombwa angeweza kukubali kidogo sana, kwa kadiri ambayo hapana mtu wa gari lile la nyuma angetambua. Baba alimpa mapafu. Hakumpa jibu la kuukataa mwili. Mganga aliunga mfupa. Hakuunga ridhaa ya kuuchosha tena. Ridhaa hiyo ndiyo ninayoiona kuwa mali ya mtu, na pengine ndiyo mali yake pekee: nguvu amezipokea, lakini kuzitoa zote au kuzificha ni juu yake, na hapo kweli yu peke yake, kuliko sheria ya mita 25 inavyoweza kumfanya.

Na dini zetu zimelisema jambo hili kwa uwazi ambao saa haina. Mkristo na Mwislamu wanakubaliana kwamba siku ya hukumu kila nafsi itasimama peke yake, mama asimbebee mwanawe mzigo, wala rafiki rafikiye. Mtu aweza kudhani kwamba hukumu hiyo ni kama ya Kigali: mtu mmoja, njia moja, hesabu moja. Lakini usome mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo. Aliyepewa 5 akaleta 5 zaidi, na aliyepewa 2 akaleta 2 zaidi, wanaambiwa na bwana wao maneno yaleyale ya sifa, pasipo kupunguzwa hata moja. Hali mbele ya saa mwenye 4 angeandikwa nyuma mno ya mwenye 10. Aliyepewa 1 hahukumiwi kwa uchache wa alichopewa, anahukumiwa kwa kukifukia. Mwislamu naye amefundishwa kwamba taklifu ya mja huwa kwa kadiri ya uwezo wake. Hakimu wa namna hiyo anaweza kumsimamisha mtu peke yake pasipo kumdhulumu, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa, na anajua alichompa kila mmoja na mikono aliyoipitishia. Saa haikumpa mtu kitu. Yaweza kuandika, haina msingi wa kuhukumu. Kwa hiyo mafundisho ya wazee wa Kiluba kwamba mtu hana nguvu zisizopitia kwa wengine, na mafundisho ya dini kwamba kila mtu atajibu kwa nafsi yake, ambayo wamisionari wengi waliyaona kuwa maadui, mimi nayaona yanahitajiana: asiyejua alichopokea hawezi kuhesabiwa kwa haki alivyokitumia.

Liko jambo ambalo mtu wa Kongo akilinyamazia hapa atakuwa ameikimbia insafu. Januari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliutwaa mji wa Goma, na Februari wakautwaa Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba Rwanda huwaunga mkono, na Rwanda imekana. Mwezi huohuo wa Februari Bunge la Ulaya lilikitaka chama cha baiskeli cha dunia kiyafute mashindano ya Kigali ikiwa Rwanda haitabadili mwenendo, lakini chama hakikuyafuta. Makubaliano ya amani baina ya Kongo na Rwanda yalitiwa sahihi Washington tarehe 27 Juni, lakini Septemba ilipofika, na watu wakipiga vigelegele kando ya barabara za Kigali, Goma na Bukavu ilikuwa bado mikononi mwa M23, na waliokimbia walikuwa bado mbali na nyumba zao. Ikiwa ni kweli kwamba mtu aweza kuzipunguza nguvu za mwenziwe kama awezavyo kuzizidisha, basi siku ile palikuwa na hesabu mbili katika Maziwa Makuu, na moja tu ilikuwa na saa. Wako Wakongomani walioona si halali kuzitazama mbio zile, na siwalaumu. Mimi naona kwamba kumnyima Evenepoel haki yake, au kuwanyima furaha watoto wa Kigali waliomwona bingwa wa dunia kwa macho yao katika bara lao, hakumrudishii mkimbizi wa Goma mlango wake. Lakini kushangilia bila ya kumtaja mkimbizi huyo ni kuandika nusu ya hesabu na kuitia sahihi.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa watu wa mkoa wetu wa Haut-Lomami. La kwanza ni kwa wale watakaowapangia vijana wetu mbio za baiskeli siku za sikukuu, katika Kamina, au Bukama, au Kabongo: mpeni mshindi zawadi yake nzima, msimpunguzie kitu, kisha mwulizeni mbele ya watu ni nani aliyemwazima baiskeli, ni fundi gani aliyemnyoshea gurudumu, na ni nani aliyemshikia kiti akiondoka, na majina hayo yaandikwe katika daftari lilelile na yasomwe kwa sauti ileile. La pili ni kwa wahubiri, Wakatoliki, Wamethodisti na Wapentekoste, ambao wote huipenda barua ya kwanza ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, pale anapotaja wakimbiao uwanjani na taji linalotolewa kwa mmoja. Hiyo ni sura ya 9. Tafadhali wasiufunge ukurasa hapo. Waendelee mpaka sura ya 12, ambamo Mtume huyohuyo, katika barua ileile na kwa watu walewale, anaeleza habari za mwili mmoja wenye viungo vingi.